Mnyama Hapiti Bure

Ndugu msomaji, Dodoma haina bahari. Najua unalijua hilo, lakini hebu tuanzie hapo hapo. Panda kilima cha Mlimwa jioni, tazama pande zote nne: utaona mibuyu, utaona vumbi, utaona mashamba ya uwele na mtama yakingoja mvua, na siku hizi utaona mabati mapya yakimeta mpaka kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Maji ya chumvi huyaoni. Ufukwe wa karibu uko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara.

Na bado, mtu wa Tanzania Bara akitaka kumpandisha mbuzi, ng'ombe, mbwa au paka chomboni ampeleke nchi ya watu, au kumshusha kutoka nchi ya watu, karatasi inayomruhusu ina mizizi yake hapa. Wizara yenye mifugo iko Dodoma. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, namba 17 ya mwaka 2003, imemkabidhi kalamu Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, na mkurugenzi huyo ni wa wizara hiyo hiyo. Washikaji zangu wa Dar wakisikia hivyo hucheka: eti mji usio na gati unaamua nani apande jahazi!

Mimi sioni cha kuchekesha. Uwanda huu ulikuwa unawasimamisha wanyama waliotoka majini na kuwauliza "mmeruhusiwa na nani?" kabla wizara yoyote haijazaliwa. Ulitukanwa kwa kuuliza, ukapigwa risasi kwa kuuliza, na uliponyamazishwa ukaletewa msiba ambao wazee wetu waliusimulia kwa kunong'ona. Historia hii haifundishwi sana shuleni. Nimeiokota vipande vipande, nami nakuletea kama nilivyoiokota.

Tushike kwanza neno lenyewe. Leo ukisema "hongo", kijana wa mjini anaona noti iliyokunjwa ndani ya leseni ya dereva. Lakini katika karne ya 19 hongo lilikuwa neno la mchana kweupe. Ilikuwa ada ya kupita. Msafara uliotoka Pwani kwenda Tabora na Ujiji ulipoingia Ugogo ulisimama, ukatuma wajumbe kwa mtemi, ukapatana naye, wakati mwingine kwa siku mbili tatu, kisha ukalipa doti za merikani na kaniki, shanga na waya. Hapo ndipo njia ilipofunguka. Ukivuka kwa mtemi huyu unamkuta mwingine mbele, naye ana hongo yake. Wazungu waliopita na kuandika vitabu walilalamika sana. Waliwaita Wagogo wakorofi na wanyang'anyi, na dunia ikasoma ikaamini.

Sasa jiulize, kwa nini Ugogo? Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo yote inamwagwa katika miezi michache, tangu Desemba hadi Aprili. Kiangazi chote kilichobaki watu wa zamani waliishi kwa madimbwi na kwa visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo. Halafu angalia ramani. Mashariki, ukishatoka Chunyo, kulikuwa na Marenga Mkali, pori ambalo jina lake lenyewe linakutahadharisha na maji yake. Magharibi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori jingine la kiu. Ugogo ilikuwa katikati ya mapori hayo mawili, kwa hiyo kila msafara, uwe unapanda au unashuka, ulifika kwa Wagogo ukiwa umekauka koo. Msafara wa watu 300 pamoja na punda wao ukishuka juu ya kisima kimoja usiku mmoja, asubuhi ng'ombe wa kijiji wanalamba tope. Hongo ilikuwa bei ya maji hayo. Ilikuwa pia ishara kwamba nchi ina mwenyewe.

Na wale punda walitoka wapi? Wengi walikuja kwa vyombo. Richard Burton na John Speke walivuka kutoka Unguja mwezi Juni 1857 kwa manowari ya Sultani iitwayo Artémise, wakaingia bara na punda waliokuwa wakifa mmoja mmoja njiani mpaka ikawa ni hesabu ya kusikitisha. Lakini anayenivutia zaidi ni Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa gazeti la Marekani aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Mwezi Februari 1871 alipakia bandarini Unguja majahazi manne. Moja lilichukua farasi wawili, mawili yakachukua punda, na lile kubwa likachukua askari na mizigo mizito. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash, wa pili zawadi ya mfanyabiashara wa Kimarekani. Kulikuwa pia na mbwa, jina lake Omar, aliyetoka naye Bombay.

Hakuna aliyemuuliza Stanley cheti. Kama ana fedha na barua ya Sultani, basi farasi wake, mbwa wake na chochote kilichokuwa matumboni mwao vilishuka Bagamoyo pamoja naye.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa mkubwa wa kijiji kiitwacho Kingaru, siku chache tu kutoka Pwani. Yule farasi wa kijivu aliugua, akafa hapo. Stanley alimpasua kutazama kilichomuua, akakuta minyoo imejaa tumboni, kisha akaamuru mzoga ufukiwe nje kidogo ya kijiji. Haukupita muda mwenye nchi akaja na wazee wake. Madai yake yalikuwa mafupi: umezika mnyama mfu katika ardhi yangu bila ruhusa yangu, kwa hiyo lipa faini, doti mbili za merikani. Stanley akaona kichekesho. Akajibu kwamba kama udongo ni wa mwenyewe, basi askari wake watamfukua farasi, watarudisha udongo shimoni, na mzoga utaachwa hapo juu uoze. Mzee wa watu akaona mambo yamekuwa makubwa, akaomba yaishe, wakabaki marafiki. Kabla jua halijazunguka mara moja, farasi wa pili naye akafa.

Kisa hiki Stanley alikisimulia ili wasomaji wa London na New York wacheke. Mimi nimekisoma mara nyingi na kila mara namuona mwenye nchi wa Kingaru kuwa ndiye mwenye akili zaidi katika ukurasa ule. Mnyama mgeni, wa aina isiyozoeleka pale, amekufa kwa ugonjwa usiojulikana, anafukiwa karibu na nyumba za watu na maji yao, na mwenye nchi hakuambiwa. Leo hii ukifanya hivyo utapelekwa mahakamani, na bwana mifugo atafika na gari. Yeye hakuwa na gari wala sheria iliyochapishwa. Alikuwa na doti mbili tu za kudai, nazo akazikosa.

Omar, yule mbwa, hakufika Ugogo. Aliugua tumbo baada ya mabwawa ya Makata, akafa karibu na mpaka. Stanley alisikitika kweli, maana alimtegemea kama mlinzi katika nchi aliyoiogopa. Punda nao walipukutika. Kwa hiyo nchi ya Wagogo, iliyosifika kwa kutoza, kwa kweli haikupata hata nafasi ya kuwatoza wanyama wengi wa Stanley. Njia ilikuwa imeshawatoza.

Miaka minane baadaye walikuja wageni wakubwa zaidi. Hapa naomba uniamini, maana hata mimi nikisimulia kijiweni naambiwa nazuga. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yule yule wa Kongo, alilipia tembo wanne wa India waletwe Afrika Mashariki. Wazo lake lilikuwa kwamba tembo waliofundishwa wangebeba mizigo badala ya wapagazi, na pia wangesaidia kuwakamata na kuwafundisha tembo wa huku. Waliletwa kwa meli iitwayo Chinsura kutoka Bombay, wakashushwa Msasani, pale pale ambapo leo watu wanakula samaki jioni. Hakukuwa na gati la kuwashusha, kwa hiyo waliingizwa majini wakaogelea mpaka nchi kavu. Kiongozi wao alikuwa mtu aitwaye Carter.

Walipanda uwandani. Fikiria mtoto wa Mpwapwa anayejua tembo kuwa ni mnyama wa kukimbiwa, halafu anaona tembo anakuja njiani, mtu kamkalia shingoni! Lakini mzigo, chakula kisichowafaa na mwendo viliwashinda. Kifo cha kwanza kilitokea Mpwapwa. Aliyefika Karema, kule Ziwa Tanganyika, alikuwa mmoja tu, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa mwezi Juni 1880 alipokuwa akirudi. Mradi ukafa. Karatasi zote za kuwatoa wanyama wale zilikuwepo: serikali ya Waingereza kule India iliwatoa, mfalme alilipa, meli ilipakia. Sauti iliyokosekana katika mpango ule ni ya watu ambao wangekaa na wanyama hao.

Mwaka 1890 hongo yenyewe ikapigwa risasi. Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akirudi kutoka Uganda, alipita Ugogo ya magharibi. Mtemi Makenge akadai hongo kama walivyodai watemi waliomtangulia. Peters akajibu kwa bunduki, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe, na baadaye akaandika kitabu kujisifu. Wakati huo Wajerumani walikuwa tayari wamejenga boma Mpwapwa. Tangu hapo mgeni mwenye bendera hakuulizwa tena kitu.

Sasa shika tarehe hiyo, 1890, maana kulikuwa na mgeni mwingine njiani.

Karibu na mwaka 1887, jeshi la Waitaliano lilipokuwa linajikita Massawa, kwenye pwani ya Eritrea, ng'ombe waliletwa kwa meli kulilisha. Inaaminika sana kwamba kati yao walikuwemo waliotoka India wakiwa na sotoka. Hawakuzuiwa bandarini. Walishuka. Ethiopia ilipoteza karibu ng'ombe wote; makadirio ya kawaida ni tisa katika kila kumi. Ugonjwa ukateremka kusini, ukaingia Umasai, na kufikia 1891 ulikuwa umeshaingia nchi yetu. Mwaka 1896 ulivuka Zambezi, mwaka uliofuata ulikuwa Rasi, mwisho wa bara. Miaka kumi kutoka gati moja mpaka ncha ya Afrika! Nyati nao walikufa, na swala, na wanyama wengine wa porini wenye kwato.

Kwa Mgogo ng'ombe ni mahari, ni maziwa, ni samadi, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya kuzikwa. Zizi likinyamaza, nyumba imenyamaza. Sitaki kupamba hapa. Watu waliokuwa matajiri asubuhi walikuwa ombaomba kabla ya mavuno, na wale wanaopenda kuandika kwamba Mjerumani "aliituliza" nchi ya kati wangefaa wakumbuke kwamba alikuta watu ambao mifugo yao imelala chini.

Sisemi kwamba hongo ingezuia sotoka. Virusi havipatani na mtemi kwa doti za kaniki, na ugonjwa ulishuka kwa njia nyingi, kupitia mifugo ya wafugaji na wanyama wa porini, bila kungoja barabara ya msafara. Ninachosema ni hiki: swali lile lile walilotukanwa Wagogo kwa kuliuliza, lilikosa mtu wa kuliuliza Massawa, na dunia ililipa.

Wakubwa nao walijifunza, ila kwa namna yao. Mwaka 1905 Wajerumani waliweka maabara ya magonjwa ya mifugo Mpwapwa. Ndiyo, Mpwapwa ile ile ya tembo wa Leopold. Waingereza walipoichukua nchi waliiendeleza, na kwa miaka mingi Mpwapwa ikawa kitovu cha kazi ya mifugo Tanganyika nzima. Ng'ombe aina ya Mpwapwa alizalishwa hapo, na mpaka leo chuo cha mifugo na kituo cha utafiti vipo. Kwa hiyo uwanda ulirudishiwa lile swali, "mnyama huyu ameruhusiwa na nani?", lakini sasa aliyeuliza alikuwa serikali, na aliyeulizwa alikuwa Mgogo mwenyewe na ng'ombe wake.

Katikati ya hapo kulikuwa na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi yote mawili, la Wajerumani kisha la Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo bila cheti wala karantini. Mvua nazo zikakata. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, wazee wanaiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000. Mathias Mnyampala, mshairi wetu na mwandishi wa historia ya Wagogo, alizaliwa Ugogo mwaka 1917, ndani ya njaa hiyo. Wewe unayeandika mashairi kwenye daftari la shule na kudhani Dodoma haina fasihi, mtafute.

Babu yangu, mzee wa Mvumi, aliikuta enzi ya karantini akiwa kijana. Siku moja nilimuuliza.

"Babu, hivi mlikuwa mnaielewa hiyo karantini?"

"Mjukuu wangu, tulielewa vizuri sana," akasema. "Bwana mifugo anakuja na baiskeli, anasema huku kuna ugonjwa, mnada umefungwa. Miezi mitatu, miezi minne. Kodi je, imefungwa? Kodi haijafungwa."

"Sasa mlifanyaje?"

"Usiku una njia zake."

Akanyamaza, akacheka peke yake. Kisha akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba chanjo ilipokuja walikwenda wenyewe. Ng'ombe aliswagwa kwenye kichanja, akachomwa sindano, akapigwa alama sikioni, na waliochanjwa hawakufa. "Hapo tukawaamini. Karatasi peke yake hatukuiamini."

Babu hakusoma kitabu hata kimoja cha mifugo, lakini hapo aliligusa jambo zima. Chanjo nzuri ya sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake mnamo 1960. Kampeni za Afrika nzima zikafuata. Mwaka 1997 sotoka ilirudi kaskazini mwa Tanzania, ikazimwa. Mgonjwa wa mwisho kuonekana duniani alikuwa nyati wa Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imefutika. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Sijui kwa nini hatukucheza ngoma Dodoma nzima siku ile.

Ningeweza kuishia hapo, Mgogo kaonewa, hadithi imekwisha. Ila haijaisha, na sehemu iliyobaki hainipendezi.

Tanzania huuza mifugo hai Komoro. Mbuzi na ng'ombe hutoka bara, hushushwa Pwani, hupakiwa kwenye majahazi na meli ndogo, huvuka. Mwaka 2003 na 2004 ndigana kali iliwaka Ngazija, ikaua ng'ombe wengi wa kisiwa ambacho hakikuwa kimeizoea. Wataalamu walioichunguza waliwanyooshea kidole ng'ombe waliotoka Tanzania. Na si ng'ombe wagonjwa! Ni wale waliokuwa wameshapata kinga: wenyewe wazima, wananenepa, lakini wamebeba vijidudu damuni, na kupe wa kisiwani wakavisambaza. Cheti cha afya kingesema kweli kabisa kwamba ng'ombe ni mzima.

Kisha 2007. Huu wengi wenu mnaukumbuka. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, mbu wakazaliwa, ng'ombe na mbuzi wakaanza kutoa mimba, halafu watu wakaanza kufa. Homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 140 nchini, na mkoa wa Dodoma ndio ulioumia kuliko mikoa yote. Mabucha yalikosa wateja. Nyumbani tulikula mlenda na maharage mpaka mama akachoka kusikia tukilalamika. Mwaka huo huo ugonjwa ukaonekana Komoro, na vinasaba vya kirusi vilipopimwa vikaonekana ndugu wa vile vya Afrika Mashariki vya 2006 na 2007. Mifugo hai iliyovuka kwa vyombo ikashukiwa. Sisemi mbuzi fulani wa Dodoma. Lakini safari hii sisi tulikuwa upande wa wanaoshusha, na Mkomoro ndiye aliyekuwa mwenye nchi wa Kingaru.

Ndiyo maana sikumuonea huruma sana dada mmoja niliyesoma naye, aliyeolewa Moroni, aliponipigia simu kuhusu paka wake. Anamtaka paka wake, basi. Nikamtafutia utaratibu.

"Kaka, paka huyu ana adabu kuliko watu, wanamuogopea nini?"

Nikamwambia aanze na ruhusa ya kule anakokwenda, maana mwenye nyumba ndiye anayefungua mlango. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka naye huchanjwa, na kadi yake isipotee. Kisha daktari wa mifugo wa serikali amtazame mnyama karibu na siku ya safari na kuandika cheti. Kasheshe lake liko hapo: cheti kina siku zake, chombo hakina siku zake. Upepo ukibadilika, au nahodha akingoja shehena, cheti kinakufa gatini na safari ya karatasi inaanza upya. Ndivyo ilivyomkuta, mara mbili. Na kama angetaka kumpitisha Unguja kwanza, angegundua kwamba mifugo si jambo la Muungano. Zanzibar ina mamlaka yake na masharti yake, hata kwa mnyama wa Mtanzania.

Wengi huona hiyo ni longolongo. Waulize Wapemba. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha kisiwani mwaka 2014 baada ya kuchanja mbwa kwa bidii. Mwaka 2016 kikarudi. Kisiwa hakina daraja. Ugonjwa ule huvuka ndani ya mnyama, na mnyama huvuka ndani ya chombo. Ilibidi wachanje upya mpaka kikazimika tena mwaka 2018. Mbwa wa kuvuka na karatasi anachosha. Mbwa wa kuvuka bila karatasi, kuna mtoto atalipa.

Jumamosi moja nilikwenda mnada wa Msalato kumtafuta mtu anayepeleka mbuzi Komoro. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, kofia ya mkeka, fimbo, mfuko wa plastiki kwapani. "Mbukwenyi, mzee," nikamwamkia. Akaitika, akanipisha kivuli cha lori. Mfukoni mlikuwa na karatasi zote: kibali cha kusafirisha mifugo, stakabadhi za ushuru wa mnada, risiti za chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, nakala ya ruhusa ya kule Komoro, iliyochakaa kwenye mikunjo.

Nikamuuliza kama karatasi hizo zinatosha.

"Zinatosha kwa mbuzi," akasema. "Kuna kizuizi kimoja njiani, kijana wangu, jamaa alizisoma zote, akazirudisha vizuri, akaniuliza, 'Na chai?' Nikampa. Ile sasa ndiyo hongo."

Nikamsimulia kuhusu hongo ya watemi, maji, doti za merikani, Makenge na Peters. Alisikiliza huku akihesabu mbuzi wanaopakiwa, hakupoteza hesabu hata mara moja. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: wale watemi, wakishapokea, walimpa mpitaji maji? Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kwa bei ghali.

Mbuzi walikuwa 60. Kijana wa lori akafunga turubai, bwana mifugo akapita kwa mara ya mwisho akitazama midomo na macho, akawashusha wawili waliokuwa wanatokwa na makamasi. Mzee alibisha kidogo, kwa heshima, kisha akanyamaza, maana hata yeye alikuwa ameyaona. Karatasi ikasahihishwa kwa kalamu, 60 ikakatwa ikawekwa 58, muhuri ukagongwa juu yake. Lori likaondoka kuelekea Dar es Salaam, na wale wawili wakabaki wamefungwa kwenye mti wa mkwaju, wanakula maganda ya miwa.